Bibi Lo Nyuma ya Basi

…kwa ufupi, anasema, kwa ufupi, kana kwamba mimi maishani nimewahi kufanya kazi nyingine zaidi ya kufupisha, "sentensi tatu tu, Su-chin, safari yako ya kikazi na mambo unayoyapenda nje ya kazi, kijitabu cha tuzo kinaingia mitamboni saa kumi," ni Mkurugenzi Lai huyo, amesimama mlangoni na simu mkononi, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na mimi niko juu ya stuli mbele ya shuka jeupe walilolitundika kuficha kabati la mafaili, mikono magotini, kidevu juu kidogo, hapana, chini kidogo, kwa sababu Bwana Kang mpiga picha anahangaika na taa yake yenye mwavuli, taa ambayo tangu saa nane imekataa kuwaka, anaipigapiga ubavuni kama mtu anayemwamsha punda, "samahani Dada Chin, dakika moja tu, usitikisike," na nje ni mvua, hapa Keelung bandarini mvua hainyeshi, inaishi, imepanga chumba na sisi, na chini ya dirisha ni kituo cha basi, nimeambiwa nisigeuze kichwa, vizuri, sigeuzi, lakini nalisikia basi likifunga breki, pshhh, na najua nyuma yake amekaa nani.

Bibi Lo. Bibi Lo Chiu-hsia wa miaka themanini na mmoja, uso wake kwenye bango nyuma ya basi, mkubwa kuliko mlango wa nyumba yake, ameketi dirishani na bakuli la wali uliopoa, macho chini, na juu ya kichwa chake maneno meupe, maneno yangu, MIAKA SITA HAKUNA ALIYEGONGA MLANGO, na chini yake kwa herufi ndogo jina la shirika letu, Mlango Wazi, tunawapelekea chakula wazee wanaoishi peke yao, piga simu leo, na watu walipiga, wewe, walipiga mpaka mama wa mapokezi akapoteza sauti, ndiyo maana leo niko juu ya stuli, ndiyo maana kuna tuzo, tangazo lililogusa mioyo kuliko yote mwaka huu, sherehe Taipei Ijumaa ijayo, kitambaa mezani, hotuba, na mimi nitapanda jukwaani kwa viatu vinavyobana kupokea kipande cha kioo kwa sababu ya… "Su-chin, unanisikia? Nianze na chuo? Ulisoma nini vile?" "Fasihi," nasema, "fasihi ya Kichina," na Lai anaandika kwa kidole gumba, anaandika, kwake yeye hayo ni maisha, fasihi, alama ya mkato, halafu nini, halafu gazeti.

Halafu gazeti, ndiyo, lile gazeti dogo la bandarini ambalo siku hizi hata jengo lake ni duka la simu, niliingia na miaka ishirini na mitatu na koti la kuazima, nikapewa meli na marehemu, meli zinazoingia ukurasa wa pili, marehemu ukurasa wa saba, na nilifurahi, Mungu wangu nilifurahi, mpaka yule mzee Hung wa kichochoro nyuma ya soko la samaki, aliyekufa kitandani akakaa siku tisa bila mtu kujua, siku tisa, majirani walidhani ni harufu ya samaki, na mimi nikaenda, nikaongea na muuza tofu aliyekuwa akimuuzia kila asubuhi, akaniambia mzee Hung alikuwa na kawaida ya kuinama kuisalimu sufuria kabla ya muuzaji, kwa utani, habari za asubuhi mama sufuria, nikaandika ukurasa mzima, ulikuwa mzuri ule, na mhariri akaukata mpaka mistari minne kwa sababu lilikuja tangazo la dawa ya kuotesha nywele, mistari minne, umri, mtaa, idadi ya siku, polisi, sufuria haikuwemo, muuza tofu hakuwemo, nikaenda kulia chooni, nikiwa nimekalia kifuniko nikaapa, kama binti wa miaka ishirini na mitano anavyoapa, kwamba siku nikiwa na kalamu yangu mwenyewe hakuna mtu atakayekatwa… "Halafu duka kubwa, sivyo? Uhusiano na wateja?" "Miaka minne," nasema, "duka la ghorofa tisa," na siongezi kwamba niliandika Wiki ya Sufuria na Wiki ya Mablanketi na barua ya kumwomba radhi mteja aliyenaswa kwenye ngazi ya umeme, "andika tu nilijifunza kuwasikiliza watu," nasema, na Lai anacheka, "umeona? Unajua mwenyewe, kwa nini unanisumbua," na ni kweli, najua mwenyewe, hapo ndipo balaa lilipo, ulimi wangu umeshazoea, ukinibonyeza tu natoa sentensi laini kama mashine ya kutengeneza aiskrimu.

"Dada Chin, bega la kushoto, limeshuka." Nalipandisha. Bwana Kang ni mtu mwema, ana tumbo na huruma, ndiye aliyempiga picha Bibi Lo, na siku ile alipiga mia mbili na zaidi, na katika hizo nyingine zote Bibi Lo anacheka, au anakemea, au amenyoosha kidole, au ameshika filimbi yake ya zamani, maana Bibi Lo alikuwa kondakta wa basi, enzi zile makondakta wote walikuwa wasichana, kofia ya pembeni, koleo la kutobolea tiketi, filimbi mdomoni, firiii dereva anasimama, firii firii dereva anaondoka, miaka kumi na mmoja kwenye njia ya bandarini, "dereva bila mimi alikuwa ng'ombe," aliniambia hivyo, "mabaharia walevi niliwashusha kwa sikio, binti, kwa sikio," na kati ya picha mia mbili ipo moja ambayo alikuwa ametazama chini kwa sababu punje ya wali ilimwangukia kwenye suruali, basi, punje ya wali, na hiyo ndiyo tuliyoichukua, nilimpelekea Lai zote mbili, ya punje na ya kicheko, na Lai akaishika ile ya kicheko muda mrefu, sitamsingizia, aliishika muda mrefu, akasema, "Anapendeza huyu bibi. Lakini Su-chin, mtu anayecheka hivi, nani atampelekea chakula?" na mimi nikaichukua ile ya punje, wakati ule tulikuwa na wazee wengi kwenye orodha ya kusubiri.

"Mambo unayoyapenda," anasoma Lai, "hapa watu wengine wameandika yoga, kupanda mlima, kusoma vitabu, huyu wa shirika la watoto ameandika kupanga maua. Wewe?" Kamba, nasema moyoni, navua kamba, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nakwenda kwenye lile banda la bati karibu na daraja la reli, ndani kuna bwawa la saruji lenye maji ya kijani, unakodi ufito na kiti cha plastiki, unakaa na wanaume wenye ndala wanaotukanana kwa upendo, na kamba wakubwa wenye mikono ya buluu wako chini huko, na siri yake ni kwamba kiboya kikizama usivute, kamba kwanza anakidaka chambo kwa mkono, anakibeba, anatembea nacho kwenda anakotaka, ukivuta mapema anakuachia chambo na aibu, lazima umwache afike, ale, ndipo uinue mkono taratibu, halafu unawachoma kwa chumvi hapo hapo na vidole vinanuka mpaka Jumanne, mama yangu ananipigia kutoka Yilan, "Uko wapi, mbona nasikia maji?" "Bwawani, mama." "Mwanamke wa miaka arobaini na minne anavua kwenye beseni! Mwenzako mtoto wa Bi Hsu ana wajukuu!" "Mama, mtoto wa Bi Hsu ana miaka hamsini na mitano." "Kwani wewe huelekei huko huko?" na nacheka, na yule jirani wa kiti cha pili ananiambia nyamaza unafukuza samaki, si samaki, ni kamba, ndio haohao, na kwa saa tatu hakuna mtu anayeniuliza hadithi ya mtu. "Weka kusoma," nasema. "Na kutembea milimani." "Hupandi mlima wewe." "Weka." Tazama sasa, hata hilo nimelidanganya, na hakuna aliyeniomba, Jumapili navua kamba na siku sita nyingine nafunga watu kamba.

Na Bibi Lo nilikwenda naye bwawani, hilo Lai halijui, mara mbili nilikwenda naye, mara ya kwanza alikamata kumi na mmoja mimi wawili, akapuliza filimbi kila alipoinua ufito, wale wanaume wakapiga makofi, mmoja akamwambia, "Mama, njoo unifundishe," akajibu, "Wewe mkono wako unatetemeka kama mkojo wa mzee, nitakufundisha nini," na tukarudi kwa teksi na mfuko wa kamba wa kuchoma kwa ajili ya wenzake wa mahjong, ule mchezo wa vigae wa watu wanne, wanawake watatu wanaokuja kila Jumanne, nilijua, ndugu yangu, nilijua kuwa wapo, niliwaletea kamba mimi mwenyewe, Bibi Tiunn mshona mapazia na wale wawili wengine, nilijua walikuwa wakija kila Jumanne na nikakaa kwenye meza yangu nikaandika… "Waka, mwanaharamu," anasema Bwana Kang kwa taa, halafu, "samahani Mkurugenzi," na Lai anasema haidhuru, mtukane zaidi labda itasikia.

Juzi, Jumanne, nilinunua keki za nanasi, sanduku lenye utepe, nikaenda kumpa habari za tuzo, nilitaka aisikie kwangu, ningali nadhani nilikuwa nampelekea furaha, nikapanda zile ngazi tisini na mbili zenye ukungu, na mlango umefungwa, ule mlango ambao siku zote huwa wazi kwa tofali, umefungwa, nikapiga hodi, ikachukua muda, ndala zikajikokota, akafungua na kuniangalia, akaangalia sanduku. "Umekuja na keki. Nani kafa?" "Hakuna aliyekufa, Bibi. Tumeshinda tuzo." "Kina nani wameshinda?" "Sisi. Lile tangazo. Lako." "Langu," akasema, akageuka ndani, "ingia basi, chagua kiti, viko vinne," na meza ilikuwa imetandikwa, vigae vya mahjong vimepangwa kuta nne, vikombe vinne vimefunikwa, chai imeshapoa, saa tisa na robo, wao huanza saa nane, "Jumanne ya tatu hii," akasema, "napanga, nakaa, saa kumi na mbili napangua. Mazoezi ya vidole." Nikauliza wako wapi, mjinga mimi, nikauliza wanaumwa? "Hawaumwi. Tiunn alipanda basi kwenda kliniki, alikaa kituoni, likaja basi na mimi nyuma yake. Akasoma. Anajua kusoma, Tiunn, alifika darasa la sita. Akaja hapa hakuvua hata viatu, akaniuliza, Chiu-hsia, miaka sita hakuna aliyegonga mlango wako? Mimi niliyekuja na uji ulipovunjika nyonga, miezi miwili, nikakuogesha, nikakuosha mpaka kule ambako hata mumeo hakuwahi kukuosha, mimi ni nani? Panya? Naingilia dirishani?" Na Bibi Lo alipokuwa akisema hivyo aliiga sauti ya Tiunn, nilitaka kucheka, uso wake haukuwa na kicheko. "Nikamwambia, Tiunn, sikusema mimi. Akasema, uso wa nani ule? Jina la nani? Basi mdomo ni wa nani? Sasa nikamjibu nini, binti? Wewe unayejua maneno, hebu nipe, ningemjibu nini?" Nikafungua utepe wa sanduku, mimi ninayejua maneno. "Na wale wawili wanamfuata Tiunn kama vifaranga. Wameumia, usifikiri ni kiburi. Mji mzima unawasoma kila siku kwamba hawapo." Akala keki moja, akasema ni nzuri, akanifungia nyingine nirudi nazo nyumbani, "Mpelekee mama yako," nikiwa mlangoni akasema, bila hasira, ningependa angekuwa na hasira, akasema, "Mimi nilikuwa naendesha basi lile, Su-chin. Dereva alishika usukani tu. Sasa mmenibandika kule nyuma kwenye moshi."

Na sasa maneno yangu ni ya kweli. Niliandika uongo na uongo ukajitahidi, ukatoka ukafanya kazi mpaka ukawa kweli, Bibi Lo amekaa peke yake na vikombe vinne kwa sababu niliandika kuwa amekaa peke yake.

"Pale kwenye kilichonileta katika kazi hii, niweke nini?" anauliza Lai, na natamani nimtupie stuli, kwa sababu asubuhi ya leo hii, saa tatu, nilikuwa ofisini kwake, mlango tukafunga, nikamwambia yote, ngazi, vikombe, Tiunn, nikasema tuliondoe tangazo, na Lai akavua miwani, akasugua macho, ana mifuko chini ya macho kama vifuko vya chai, huyu mwanamke halali, huyu ndiye aliyebeba masufuria kwa mikono yake mwaka jiko lilipofurika, si mtu mbaya, ingekuwa rahisi angekuwa mtu mbaya, akasema, "Alitia sahihi fomu ya idhini, Su-chin. Ulimsomea wewe." "Nilimsomea kuhusu picha." "Na maneno yapo kipengele cha nne." "Lai, wamemsusa." "Watarudi. Wazee hununa, halafu hurudi." "Na wasiporudi?" "Kuna wazee arobaini ambao mchana huu wanakula kwa sababu ya lile basi. Arobaini wapya. Haya, nipe jina la mmoja nimpigie simu nimwambie leo hakuna chakula, tumemwonea haya Bibi Lo. Nipe jina." Sikumpa. "Nafasi ya mabasi inakwisha baada ya miezi miwili, litabanduka lenyewe. Vumilia." Miezi miwili. Jumanne nane, za vidole tu. "Na tuzo," akasema, "tafadhali usiniharibie tuzo, tuzo ndiyo itakayotuletea mwaka ujao," nikatoka, nikaufunga mlango pole pole, mimi hufunga milango pole pole, miaka kumi na miwili kwenye shirika hili na hakuna aliyewahi kunisikia nikifunga mlango, nikarudi mezani na hasira zangu zote nikampa Lai, alichagua picha yeye, alitaka machozi yeye, fomu yake, kipengele chake cha nne, nilikuwa nimeshamhukumu na kumfunga, nilikuwa nasikia raha kabisa ya kuonewa…

…kisha nikatafuta ile sauti. Kwa nini niliitafuta? Nilitaka ushahidi, ndiyo, nilitaka kumsikia Bibi Lo akisema, ili kesho na keshokutwa niweze kujiambia alisema mwenyewe, simu yangu huhifadhi mahojiano yote, nikavaa visikilizio, nikamtafuta mpaka dakika ya ishirini na mbili, na hiyo hapo sauti yangu, sauti ya huruma ya kazini, siipendi sauti hiyo, namuuliza, "Bibi, tangu mzee atutoke, nani huja kukugongea mlango?" na yeye, mdomoni ana kitu anatafuna, anasema, "Nani agonge? Tangu mzee afe, miaka sita, hakuna anayegonga mlango wangu, wanaingia tu kama kuku! Wakitaka chai wanachemsha, wakitaka kulala wanalala, Tiunn ana mto wake humu ndani," na kicheko, kicheko kirefu, na cha kwangu pia kimo, nilicheka, nasikika nikicheka, na jioni ile nilirudi nikaandika sentensi yake kwenye karatasi nikaitazama, na nikaiona ile alama ya mkato baada ya neno wangu, nikaweka mkasi pale. Si Lai. Lai hakuwahi kuisikia ile sauti. Lai alipokea mstari mmoja ukiwa umeshaoshwa na kukunjwa, akasema Mungu wangu Su-chin, huu ni mstari, na mimi nikafurahi, nilifurahi kama siku ile ya koti la kuazima, nikaenda nyumbani kwa miguu kwenye mvua nikiurudia rudia mdomoni, miaka sita hakuna aliyegonga mlango, mapigo yake, mizani yake, na kuku nilishawasahau, yule mhariri angalau alihitaji nafasi ya dawa ya nywele, mimi nilihitaji nini?

"Su-chin? Kilichokuleta?" "Gazetini," nasema, na sauti inanitoka kavu, Bwana Kang anainua kichwa, "gazetini nilimwandika mzee mmoja wakamkata. Nikachukia." "Vizuri sana hiyo," anasema Lai, anaandika, "inagusa, kwa hiyo ukaja kuwapa sauti wasio na sauti," na nasema hapana, nasema, "hapana, usiandike hivyo," "kwa nini, ni nzuri," "walikuwa nayo, Lai. Sauti walikuwa nayo," na ananitazama juu ya simu, anajua ninachosema, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na miwili, anajua, halafu anashusha macho, "tutaongea baadaye," anasema taratibu, na kidole gumba kinaendelea, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sina hasira naye, imekwenda wapi, nilikuwa nimeishikilia vizuri, imeniponyoka, na pale ilipokuwa pameachwa wazi na panauma zaidi.

Kwa hiyo nini. Ningeweza kubadilisha maneno, picha ya kicheko, sentensi nzima, wanaingia tu kama kuku, herufi za njano, watu wangecheka vituoni, labda wangepiga simu pia… tazama, tazama mwenyewe, tayari naandika tangazo jingine, bibi wa watu bado amekaa na vikombe vyake na mimi nachagua rangi ya herufi. Acha. Waliosusa ni watatu, hawako nyuma ya basi, wana nyumba, nyumba ya Tiunn naijua, nilipeleka kamba pale, chini ni duka la mapazia, cherehani dirishani, juu ndiko anakolala. Kampuni ya mabasi hupokea sahihi yangu, si ya Lai, nilisaini kulipandisha tangazo na nitasaini kulishusha, leo, kabla ya kwenda, Lai atakasirika na atakuwa na haki nusu, hao arobaini sina jibu lao, nitasema hivyo, sina jibu, nipe njia nyingine nifanye kazi mara mbili, na kama akitaka kalamu yangu na ufunguo wa ofisi atachukua, tuzo wampe Bwana Kang, picha ni yake, na viatu vile vinabana. Lakini hilo la basi hata mwoga anaweza, ni karatasi. La Tiunn ndilo. Nitamwambia nini Tiunn? Bibi Tiunn, kwa niaba ya shirika… hapana. Bibi Tiunn, kumetokea kutoelewana… hapana, hakuna kilichotokea, mtu alifanya. Bibi Tiunn, kwa moyo uliojaa… toa moyo. Toa yote. Bibi Tiunn, Lo hakusema, nilimkata mimi, na hii hapa sauti yake, sikiliza, umo humo ndani, na mto wako umo. Halafu ninyamaze. Hapo ndipo pagumu, kunyamaza, nisiongeze kitu, asikilize mpaka mwisho, anitukane, ana ulimi yule, ana mkasi wa mapazia mkubwa kama bata, akinifukuza nifukuzike, akifunga mlango nikae kwenye ngazi, nikiitwa kesho nije kesho, na hakuna hata mstari mmoja wa hayo utakaoandikwa popote, wala mimi kupigwa picha nikiomba radhi, wala yeye kupigwa picha akinisamehe, kama atanisamehe, si lazima anisamehe mimi, ampandie Lo ngazi tu.

"Nadhani sasa," anasema Bwana Kang, "nadhani imekubali, Dada Chin, tazama hapa, moja, mbili…" na taa inatoa mlio kama wa chura, haiwaki, "aah! Samahani, samahani sana, kaa hivyo hivyo, usibadilike," na nakaa hivyo hivyo, mikono magotini, bega la kushoto juu, Lai mlangoni anahesabu maneno kwa midomo, mvua haijapungua hata tone, ni saa tisa kasoro dakika tano, Tiunn hufunga duka saa kumi na moja, kwenda kwake kwa miguu ni dakika ishirini, na mvua hii, na zile ngazi za nyuma ya hekalu, tuseme ishirini na tano.